Cheti cha Mdogo Wangu

Mtihani niliufanya mimi. Naomba nianze na hilo, maana mengine yote nitakayoandika hapa yametokana na jambo nililolifanya usiku mmoja, saa nne, nikiwa nimekaa kitandani Mabatini, simu ya mdogo wangu mkononi, waya wa chaji umevutwa mpaka mwisho.

Mdogo wangu alikuwa amepata kibarua kwenye shamba la samaki ziwani, upande wa Ilemela. Ni mashamba ya vizimba, yale maduara ya mabomba meusi yanayoelea mbali kidogo na ufukwe, yenye nyavu zilizoning'inia chini na sato ndani yake. Kila siku asubuhi na jioni lazima mtu apande boti na viroba vya chakula, aende akawalishe. Wakala aliyemtafutia kazi alimtumia kiungo kwa WhatsApp na maneno machache: amalize mafunzo ya usalama kabla ya Jumatatu, bila cheti haingii getini.

Mafunzo yalikuwa ya Kiingereza. Video na slaidi za zaidi ya saa mbili, halafu maswali ishirini. Bando alinunua mwenyewe. Mdogo wangu aliishia kidato cha nne na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alijaribu mara mbili, akafeli mara mbili, na mfumo ukamwambia amebakiza nafasi moja. Akaniletea simu. "Dada, nisaidie."

Nikamsaidia. Nilipata asilimia 95. Cheti kikashuka papo hapo, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake sentensi inayothibitisha kwamba mwenye jina hilo amefundishwa na ameelewa.

Mafunzo yenyewe nayakumbuka vizuri kuliko yeye, kwa sababu yeye hakuyasikia. Kulikuwa na mwanamume mwenye kofia ya njano akitembea ndani ya ghala kubwa kama uwanja wa Kirumba. Alitufundisha kuinua boksi kwa kukunja magoti, kukaa mbali na foklifti, kujua mlango wa dharura uko wapi. Kulikuwa na sehemu nzima kuhusu kutembea kwa uangalifu kwenye njia yenye barafu. Kuhusu ziwa hapakuwa na neno hata moja. Hakuna upepo, hakuna boti, hakuna kamba iliyolika, hakuna mtu asiyejua kuogelea. Swali la kumi na nne liliuliza: ukiona hatari kazini, ufanye nini? Nikachagua jibu la pili, kumjulisha msimamizi. Lilikuwa sahihi.

Miezi miwili baadaye, ziwa lilichafuka alfajiri. Walikuwa watu saba wa kwenda kulisha, na majaketi okozi manne. Mdogo wangu akafanya kama swali la kumi na nne linavyotaka, ingawa hakuwahi kulisoma. Alimwambia msimamizi. Msimamizi akamjibu, "Wewe si una cheti? Maana yake umefundishwa. Twendeni." Wakaenda. Wimbi liliirusha boti ikagonga bomba la kizimba, na mkono wa mwenzao mmoja ulikuwa katikati. Alipoteza vidole viwili.

Ilipojazwa karatasi ya taarifa ya ajali, kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama mfanyakazi alipata mafunzo ya usalama. Kikawekewa tiki ya ndiyo. Yule kijana naye alikuwa na cheti. Sikuuliza nani alimfanyia mtihani. Baada ya tiki ile hakuna aliyeuliza kuhusu majaketi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Kazi yangu ni kuuliza jambo limeanza lini. Kwa wiki kadhaa niliacha pembeni mada ya tasnifu niliyotakiwa kuiandika, nikawa nauliza hili: kwenye mwambao huu wa ziwa, tangu lini watu wamekuwa wakifundishwa kujikinga kazini, na mafunzo yale yalikuwa yanamkinga nani?

*

Nilianzia mwalo wa Kirumba, kwa sababu huko ndiko mtu anakoweza kuuliza bila kujaza fomu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu aliniitikia shikamoo yangu, akanitazama daftari, akacheka. Nilimuuliza zamani kijana mgeni alifundishwaje kazi ya mtumbwi.

"Anaanza na kopo," alisema.

Kopo ni la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini. Mgeni hapewi kasia, hapewi wavu, wala hagusi usukani. Anakaa chini katikati na kopo lake, anachota na kumwaga, usiku mzima. Nilidhani ni adhabu ya ugeni. Mzee akasema hapana. Anayechota maji ndiye wa kwanza kujua mtumbwi unavuja wapi na kiasi gani, na akipaza sauti kwamba maji yamezidi, nahodha lazima amsikilize hata kama ni mtoto. "Kwa sababu nahodha naye yumo humohumo," alisema.

Sikutaka kuutia mtumbwi wa zamani sukari. Watu walizama, na wanazama. Isitoshe, leo mwenye mtumbwi mara nyingi ni tajiri aliyelala nchi kavu, na wanaokwenda na taa usiku kuvua dagaa hulipwa kutokana na kinachopatikana, wasipokwenda, hawali. Lakini nililiandika lile neno la mzee na kulipigia mstari. Mwalimu yumo humohumo. Nikilitazama lile ghala la video, sikuona mtu yeyote ambaye angezama pamoja na mdogo wangu.

Kazi za aina nyingine zilikuja na chuma. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka pwani na kushushwa ziwani Kisumu mwaka 1900. Reli ya Uganda ilifika hapo Desemba 1901. Meli nyingine zikafuata, na mwaka 1928 reli ya Tanganyika ikaingia Mwanza. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kutoka, vinu vya kuchambulia pamba vikaenea kusini mwa ziwa, na kwa mara ya kwanza watu wengi wa huku wakafanya kazi chini ya mtu ambaye hakuwa kwenye mtumbwi mmoja nao. Aliyekuwa karibu na mikanda ya mashine na vumbi la pamba alikuwa mmoja. Aliyeamua mashine iende kasi gani alikuwa mwingine.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Viwanda ya Tanganyika mwaka 1950. Sheria hiyo ilifuata nyayo za sheria za viwanda za Uingereza, ambazo zilikuwa na desturi ya kumtaka mwenye kiwanda abandike muhtasari wa sheria ukutani ili wafanyakazi wausome. Niliposoma kuhusu karatasi ile ya ukutani nilisimama kidogo. Ni babu wa kile cheti. Maneno yamewekwa mahali, kwa lugha ya aliyeyaandika, na tangu hapo mfanyakazi anahesabiwa kuwa amejua.

Sheria ile ilihusu viwanda. Mtumbwi haukuwa kiwanda. Ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilipoifuta na kupanua uwanja hadi sehemu za kazi kwa jumla, chini ya wakala wa OSHA ulioanzishwa mwaka 2001. Kwa hiyo wazo kwamba mtu anayefanya kazi juu ya maji anastahili ulinzi wa sheria kama mtu wa kiwandani lina umri mdogo sana hapa kwetu. Limenizidi mimi miaka michache tu.

Katikati ya sheria hizo mbili kuna miaka ambayo wenzangu darasani wanaikumbuka kwa jina la Mwongozo. Mwaka 1971 TANU ilitoa waraka ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliuchukua waraka ule kama mali yao. Kati ya 1971 na 1973 kukawa na migomo, na mameneja wakafungiwa nje ya mageti. Wengi wetu hufundishwa habari hiyo kama sura ya siasa za ujamaa. Nilipoisoma tena safari hii niliona kitu kingine: ni mojawapo ya nyakati chache ambapo mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa alipewa somo kwamba anaweza kumwambia bosi hapana, na karatasi ya chama ikawa upande wake. Haikudumu. Serikali ileile iliyotoa Mwongozo iliona migomo imezidi, ikawageukia wagomaji, na baadhi yao wakafukuzwa kazi.

*

Somo la usalama lililofundishwa kwa bidii kuliko yote Mwanza lilikuja miaka ya 1990, na lilikuwa la samaki.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani enzi za ukoloni, alikuwa amezaana mpaka viwanda vya minofu vikajengwa kando ya ziwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Halafu Ulaya ikaogopa. Mwaka 1997 ilikuwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kutoka nchi zetu zote tatu baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vikasimama, vibarua wakarudi nyumbani. Tanzania iliruhusiwa tena kuuza mwanzoni mwa mwaka 2000, baada ya kuonyesha kwamba kila hatua inakaguliwa, kuanzia mwaloni hadi kwenye ndege.

Mama mmoja jirani yetu alikata minofu katika miaka ile. Anakumbuka mafunzo kwa mpangilio, kama mtu anayesoma dua: kofia, kinyago, aproni, buti nyeupe, kukanyaga maji ya dawa mlangoni, kunawa mpaka kwenye kiwiko, kucha fupi, hakuna pete. Walifundishwa kwa Kiswahili, kwa vitendo, na walirudiwa kila wiki. Mkaguzi alikuja bila taarifa. Mtu aliyekosea alirudishwa nyuma akanawe tena, na kazi ikasimama kumsubiri.

Nilimuuliza kuhusu visu. Kuhusu kusimama kwenye sakafu ya maji baridi kutwa nzima. Kuhusu mikono iliyokufa ganzi.

"Hayo tulifundishana wenyewe," alisema.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kumbe inawezekana. Kumbe katika mji huuhuu, na watu hawahawa ambao wengine husema hawafundishiki, iliwezekana kutoa mafunzo yanayoeleweka, kwa lugha inayoeleweka, na kusimamisha kazi yasipofuatwa. Kilichohitajika ni mtu mwenye nguvu atakayeumia mambo yakiharibika. Mlaji wa Ulaya alikuwa na nguvu hiyo, maana alikuwa na uwezo wa kukataa samaki. Mkata minofu hakuwa na uwezo wa kukataa kitu.

*

Mtu wa Mwanza hawezi kuandika kuhusu usalama ziwani bila kupita Igoma.

Tarehe 21 Mei 1996, mv Bukoba ilipinduka asubuhi ikiwa karibu kufika, si mbali na Bwiru. Ilikuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ambako abiria na mizigo viliongezeka. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 430. Hesabu ya waliokufa inayotajwa kila mwaka kwenye kumbukumbu ni zaidi ya 800. Wengi walizikwa pamoja Igoma. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimekua nikisikia sehemu moja ya simulizi ile ikirudiwa kwenye misiba na vijiweni: meli ilipokuwa imelala tumbo juu na sauti za watu zikisikika ndani, ilitobolewa ili watolewe. Hewa ikatoka kupitia tundu. Hewa ile ndiyo iliyokuwa inaibeba meli. Ikazama.

Kila mzee anayesimulia hufika hapo akanyamaza. Walikuwa watu waliotaka kuokoa.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha mv Nyerere kilipinduka kati ya Bugolora na Ukara, kikiwa mita chache tu kabla ya gati. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli alipozungumza na taifa alisema taarifa za awali zinaonyesha nahodha hakuwepo na usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Siku ya pili baada ya ajali, waokoaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Alikuwa kwenye sehemu iliyobaki na hewa, upande wa injini, mahali alipopajua kwa sababu ndipo alipofanyia kazi.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: mnaona, mafunzo yanaokoa. Na ni kweli, yanaokoa. Mtu asiyejua usukani asishike usukani. Lakini tazama tena. Kwenye ajali zote mbili jambo la kwanza ni uzito. Watu waliokuwa gatini waliona chombo kimejaa, na kwa hilo mtu hahitaji kozi. Swali ni kama pale gatini alikuwepo mtu mdogo, mkata tiketi au mfunga kamba, ambaye angeweza kusema haondoki mpaka nusu washuke, na neno lake likashika.

Halafu kuna ajali ya tatu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa, 24 wakapona. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mmoja wao, kijana aitwaye Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyotumia kasia kufungua mlango. Baadaye iliagizwa apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akapate mafunzo na ajira. Nchi nzima ilimpigia makofi, nami nilipiga. Ila sasa naona mpangilio ulivyokuwa: kwanza aliokoa, halafu akafundishwa. Alipokuwa anavua dagaa, hakuna aliyekuwa na haja ya kumfundisha chochote.

*

Lile wazo kwamba usalama unakaa kichwani mwa mfanyakazi, na kwa hiyo dawa yake ni kukijaza kichwa hicho slaidi, nalo lina tarehe. Mwaka 1931 huko Marekani, H. W. Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, alichapisha kitabu kilichodai kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini husababishwa na vitendo vya hatari vya watu wenyewe. Alitegemea kwa kiasi kikubwa taarifa za ajali zilizoandikwa na waajiri na wasimamizi. Yaani, aliyejaza karatasi ndiye aliyesema kosa ni la nani. Namba ile ilizunguka dunia kwa miongo mingi, na nadhani bado inazunguka, maana niliiona sura yake kwenye ile video: mwenye kofia ya njano alituambia usalama wetu umo mikononi mwetu. Mwenzake mdogo wangu alikuwa na mkono wake palepale bomba lilipogonga.

Upande wa pili kuna historia nyingine. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 155. Kifungu chake cha 13 kinasema mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kwamba maisha au afya yake iko kwenye hatari kubwa na ya karibu, alindwe asiadhibiwe. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Nilipokisoma hicho cha pili nilikumbuka bando. Mwaka 2022 shirika hilohilo liliweka mazingira salama ya kazi kwenye orodha ya haki za msingi kabisa za kazi, na mwaka uliofuata likakadiria kwamba karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazini.

Kuna siku moja inayopima historia hizo mbili. Tarehe 23 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, lilionyesha nyufa. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Asubuhi ya tarehe 24 mafundi cherehani wa ghorofa za juu waliagizwa warudi kazini. Wengi walizijua nyufa, walisita, waliogopa kukosa mshahara, wakapanda. Jengo likaanguka, wakafa zaidi ya 1,100. Hakuna slaidi ambayo ingewaambia kitu ambacho macho yao hayakuwaambia. Walichokosa ni mtu wa kuwasikiliza wakisema hapana.

Kwa hiyo sina ugomvi na simu. Simu ingeweza kufanya kazi nzuri sana. Ingeweza kumfundisha mdogo wangu kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa picha za ziwa hilihili, mara kumi kama angetaka, na msimamizi naye akafanya mtihani uleule. Kijana wa Kisumu, wa Entebbe na wa Musoma wangeweza kujifunza somo moja siku moja, maana upepo hauulizi pasipoti. Ninachogombana nacho ni ile karatasi ya mwisho, inayochukua hatari iliyokuwa ya mwenye boti na kuiandika kwa jina la anayepanda boti. Na mimi nilikuwa karani wake. Niliandika kwamba mdogo wangu ameelewa. Aliyeelewa nilikuwa mimi, niliyekuwa nimekaa kitandani, nchi kavu.

*

Nilimweleza yote hayo Jumapili moja, tukiwa tumekaa nje mama akipika. Nilimwomba radhi kwanza. Alishangaa; kwake nilikuwa nimempa kazi. Nikamsomea kifungu cha 13 kwa Kiswahili changu mwenyewe, polepole. Nikamwambia pia kwamba sheria yetu ya 2003 inataka sehemu za kazi ziwe na wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hilo la kukataa," aliuliza, "lilikuwa swali la ngapi?"

"Halikuwepo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Sikutegemea kitu. Lakini wiki kadhaa baadaye aliniambia ameletewa kijana mgeni, amefika na cheti chake cha asilimia 90 kilichofanywa na binamu yake. Mdogo wangu alimchukua ufukweni baada ya kazi, akamvalisha jaketi, akamfunga mikanda, akamwingiza majini mpaka kifuani, akamwambia ainue miguu. Kijana akapiga kelele, halafu akaelea. Wakarudia mpaka akaacha kupiga kelele.

"Na asubuhi," aliniambia, "mgeni ndiye anayehesabu majaketi. Tumempa hiyo kazi. Anahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia."

Nilikumbuka kopo la yule mzee, lakini sikumkatiza.

"Yakipungua?"

"Tunakaa chini. Wote. Mara ya kwanza tulikaa kama dakika arobaini, samaki hawajala, msimamizi anapiga simu huku na huku. Halafu yakaletwa matatu."

"Na msimamizi alisemaje?"

"Aliandika majina yetu."

Mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Hatujui kama utaongezwa. Cheti bado kipo kwenye simu yake, na juzi wakala amemtumia kiungo kingine: kinaisha muda kila mwaka, anatakiwa kurudia. Safari hii tutakifungua pamoja mezani, mimi nikitafsiri na yeye akijibu. Bando nitanunua mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza kulinunua.